Jina la Baba Sintamei

Nosim hakuwa na uwezo wa kutazama filamu kimya kimya. Aliitazama kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akitafuta kilema, na akikipata alikitangaza. Kila siku alikaa kwenye kibanda cha binti yake Sintamei mjini Karatu, si mbali na stendi. Kibanda kilikuwa cha kuingiza nyimbo na filamu kwenye simu na flashi. Sintamei alikuwa nyuma ya kaunta na kompyuta yake, runinga ilikuwa juu ukutani, na Nosim alikuwa mlangoni na meza ya shanga alizowauzia madereva wa watalii na wageni wao. Mteja akiomba filamu ya mapenzi, Nosim alimdaka kabla hajalipa.

"Hiyo achana nayo. Mwanamke analia mwanzo mpaka mwisho na wanja wake uko palepale."

Mwanzoni wateja walinuna. Baadaye walizoea, na wengine wakawa wanamuuliza yeye kwanza ndipo wanamgeukia Sintamei. Sintamei alilalamika kwamba mama anamfukuzia biashara, lakini alijua vizuri kwamba nusu ya wateja walikuja kumsikiliza mama.

Katika waongozaji wote wa filamu chini ya jua, Nosim alimpenda mmoja tu, naye alikuwa Olais. Olais alizaliwa Endulen, boma la jirani na lake, mtoto wa rafiki yake mkubwa, mama Olais. Alisoma, akaenda Dar es Salaam, akarudi na kamera ya kuazima na wenzake wawili waliokuwa wakitetemeka kwa baridi ya Ngorongoro kutwa nzima. Akatengeneza filamu aliyoiita Chumvi ya Kreta. Ilikuwa habari ya mzee mmoja ambaye ng'ombe wake wamezoea kushuka kreta kulamba chumvi, na sasa hawaruhusiwi kushuka, naye anahangaika nao huku na huku. Ndiyo filamu yote hiyo. Hapigwi mtu, haolewi mtu. Olais hakuwa na fedha za waigizaji, kwa hiyo alimwomba mume wa Nosim awe huyo mzee.

Huyo mume hapa tutamwita Baba Sintamei, kwa sababu ndivyo Nosim anavyomwita tangu alipofariki. Kwao, mtu akishafariki, jina lake halitajwi tena na watu wake. Vijana wa mjini wengi hawajali siku hizi, na walokole wanasema hayo ni mambo ya kale, lakini katika boma la kina Nosim, ukitaja jina la marehemu mbele ya mjane wake, watu watakutazama kama umevua nguo.

Wakati wa filamu alikuwa hai na ana afya yake, na jina lake lilikuwa halali kwa kila mtu. Olais alikuwa amempangia jina la kubuni. Kamera ikawashwa, Olais akaliita lile jina kwa sauti, na Baba Sintamei akaendelea kukagua sikio la ndama. Akaita tena. Wapi.

"Baba, ni wewe ninayekuita."

"Mimi siitwi hivyo."

"Ni kwenye filamu tu, baba."

"Hata kwenye filamu masikio ni haya haya."

Wakahangaika asubuhi nzima. Wale wenzake kutoka Dar walimwomba, walimbembeleza, mmoja akataka kumwonyesha namna ya kugeuka. Baba Sintamei alikuwa tayari kufanya lolote ila kuitikia jina la mtu mwingine, maana alijiuliza mwenye jina hilo akija kesho atamwambia nini. Mwishowe Olais akakata tamaa, akaita jina lake halisi. Baba Sintamei akaacha ndama, akageuka, akaitazama kamera kwa uso wa mtu aliyekatizwa kazi. Basi. Olais alizima kamera akakaa chini kwenye majani, na yeyote aliyeona filamu ile anajua kwa nini. Sehemu ile ikabaki, na jina likabaki.

Nosim aliipenda Chumvi ya Kreta, na si kwa ajili ya mume wake peke yake. Aliipenda kwa sababu ng'ombe walikuwa ng'ombe. Ng'ombe akinywa maji, Olais alimsubiri amalize kunywa. Mwanamke akikamua, ulisikia maziwa yakiingia kwenye kibuyu mpaka sauti inabadilika. Filamu ya pili nayo ilikuwa hivyo hivyo, na Nosim akaanza kuwaambia watu kwamba yule kijana ana macho.

Baadaye Olais akapata wafadhili.

Filamu ya tatu ilikuwa na ile kamera ya kuruka. Ilipaa tangu mwanzo na ikakataa kutua, mpaka Nosim akauliza kama Olais siku hizi anaogopa watu. Ya nne ilikuwa ya moran anayempenda binti wa tajiri. Ng'ombe waliochungwa humo ni wale wa maziwa, weusi kwa weupe, wa kufugwa bandani na kuletewa majani. Shuka la moran lilikuwa limepigwa pasi mpaka likawa na mstari. Halafu moran huyo huyo akaketi mezani akala nyama choma mbele ya mama mkwe wake, jambo asilofanya moran yeyote, anatafuna huku anaongea. Nosim alisimama akaenda nje.

"Mama Sintamei," aliita Dorkasi, mwanamke wa Kansay aliyeuza vitunguu kibanda cha pili, "dairekta wako huyo. Umeona yule mkulima wa Kimbulu, mtu wa kwetu, aliyemweka? Anapanda mahindi mwezi wa nane, kiangazi! Na jembe bado lina karatasi ya bei!"

"Wafadhili ndio wanamharibu," alisema Nosim.

"Wafadhili ndio wamebandika karatasi ya bei?"

Nosim alimtetea Olais hata hivyo. Alimtetea kwa filamu ya tatu, ya nne na ya tano, ambayo hakuna mtu anayeikumbuka. Alisema kijana amechoka, kijana ana njaa, mjini kuna mambo mengi, atarudi tu kwenye kazi yake. Katikati ya miaka hiyo Baba Sintamei akaugua, akafariki, na Olais alikuja kwenye msiba. Alikuja mwenyewe, akakaa na watu, akala walichokula. Aliongea habari za marehemu jioni nzima na hata mara moja hakulitaja jina lake. Kwa hiyo alijua. Kama angekuwa mtu wa kutoka mbali asiyejua, Nosim angemsamehe asubuhi na kusahau jioni, lakini Olais alijua.

Basi, mwaka jana treila ya filamu mpya ikaingia kwenye simu za watu.

Filamu hiyo ilikuwa mwendelezo wa Chumvi ya Kreta, na jina lake lilianza na jina la marehemu. Hapa tuiite Mzee Fulani Mjini. Yule mzee wa ng'ombe sasa amekwenda Dar es Salaam kumtafuta mwanawe, na huko anaogopa lifti, ananawa uso chooni, anamsalimia sanamu wa dukani aliyevalishwa gauni. Aliyemwigiza ni mchekeshaji mmoja wa Dar aliyebandikwa masikio ya plastiki yenye matundu, na sikio moja lilikuwa linaelekea kuanguka. Kwenye treila peke yake jina lilitajwa mara nyingi kuliko mwenyewe alivyolisikia akiwa hai.

Karatu nzima ikalishika. Vijana wa bodaboda waliitana kwa jina hilo. Bango likabandikwa ukuta wa mbele ya kibanda, na wateja wakafika kwa Sintamei mmoja baada ya mwingine kuomba treila ya Mzee nanihii. Sintamei, ambaye naye haruhusiwi kulitaja jina la baba yake wala hapendi kulisikia, aliwakatiza mikono juu.

"Usiseme! Nionyeshe tu kwa kidole."

"Kwani kuna nini, dada?"

"Kidole!"

Nosim alikasirika mpaka akakosa la kufanya na mikono yake. Alikosea shanga, akafumua, akakosea tena. Kilichomuuma kupita yote ni kwamba treila ilikuwa mbaya hata kama ingekuwa na jina la mtu mwingine. Angalau mtu akikukosea kwa kazi nzuri, unapata pa kushika. Akamwambia Sintamei amshikie simu, akamtumia Olais ujumbe wa sauti.

"Olais, ni mimi mama Sintamei. Ulikuwa unajua kutazama, sasa umekuwa kipofu, hilo ni lako na wafadhili wako. Lakini toa lile jina. Kabla filamu haijaenda kwenye runinga za nchi nzima, toa lile jina. Mwite yule mtu wa plastiki jina lolote unalotaka."

Jibu lilikuja kesho yake. Lilikuwa mikono miwili imeunganishwa, moyo mwekundu, na maneno ambayo Sintamei alimsomea kwa aibu: usijali mama, utafurahi, nakuja Karatu kuizindua huko nyumbani kwanza, wewe ni mgeni rasmi.

"Mgeni rasmi," alisema Nosim. "Mimi nalia nyumba inaungua, yeye ananikaribisha chai."

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi mchana katika ukumbi mmoja wa harusi. Walitandika zulia jekundu juu ya vumbi jekundu la Karatu, hata hukuona linaanzia wapi. Wazee kadhaa waliletwa kwa gari kutoka Endulen, akiwemo Lesiamon, ndugu wa marehemu, na kila mmoja alivishwa shuka jipya mlangoni. Nosim alikuja na Sintamei na Dorkasi. Alikuja kwa jambo moja tu, na alilirudia moyoni njia nzima: toa jina.

Olais alimwona kwa mbali akaja anakimbia. Zamani alikuwa akimkaribia anainamisha kichwa, Nosim anakigusa, wanasalimiana inavyotakiwa. Safari hii alitanua mikono, akamkumbatia, akamgeuza uso kwenye kamera wakapigwa picha. Alinukia manukato.

"Takwenya, yeyo!" alimsalimia kwa lugha ya kwao, kama mtoto kwa mama.

"Iko. Olais, nilikutumia ujumbe."

"Niliusikia, yeyo. Nisikilize. Lile jina ndilo watu wanalolipenda. Wafadhili walinunua jina, hawakununua filamu. Nikilitoa sina kitu. Halafu hii ni kumuenzi. Huku mjini tunamkumbuka mtu kwa kumtaja."

"Na kwenu mnamkumbukaje?"

Olais alitazama simu yake. "Yeyo, tutaongea vizuri baadaye. Leo ni siku ya furaha," alisema, akaenda kumpokea mgeni mwingine.

Filamu ikaonyeshwa. Nosim aliketi mstari wa mbele, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitazama filamu bila kusema kitu. Aliona lifti, aliona choo, aliona sanamu. Hayo yote aliyatarajia. Asilolitarajia ni kugeuka. Olais alikuwa amechukua kule kugeuka kwa Baba Sintamei, kule alikokusubiri asubuhi nzima, akakufanya kichekesho. Kila baada ya muda mtu aliita lile jina, ngoma ikapigwa, na yule mwigizaji akageuka ghafla macho yamemtoka na masikio yanatikisika. Ukumbi ukacheka. Akaitwa tena, akageuka tena. Walicheka zaidi kwa sababu sasa walijua kinachokuja. Dorkasi naye alicheka, akajishika mdomo, akamtazama Nosim, akaacha.

Nosim hakulia. Alihisi hasira ikipanda taratibu, na ilipofika juu ikatulia, na akaona wazi kabisa atakachofanya.

Taa zilipowashwa mshereheshaji alimwita jukwaani, mke wa Mzee Fulani mwenyewe, na ukumbi ukalitaja jina kwa kelele. Akapewa kipaza sauti. Olais alikuwa kando yake anatabasamu.

"Mimi ni mama wa kuuza shanga, sina hotuba," alisema Nosim. "Nataka kumsalimia tu Olais. Nyie mnamjua Olais, lakini hamumjui baba yake. Mimi namjua."

Akalitaja. Alitaja jina la marehemu baba yake Olais, lote, la utoto na la ukubwani, ndani ya kipaza sauti. Akaongeza kwamba alikuwa mtu mwema, na akawaomba wote wamtaje ili akumbukwe, maana dairekta amefundisha kwamba mjini mtu anakumbukwa kwa kutajwa.

Mshereheshaji, ambaye hakuelewa lolote, alifurahi sana. Akachukua kipaza sauti akauliza kama ukumbi uko tayari. Ukumbi ukasema uko tayari. Akahesabu, na watu wote wa Karatu waliokuwemo, waliojaa furaha na soda za bure, wakalitaja kwa kelele jina la baba yake Olais mara moja, mara mbili, mara tatu.

Wazee wa Endulen waliinamisha vichwa wote kwa pamoja. Olais alikuwa bado ana lile tabasamu, ila hakuna kilichokuwa kinalishikilia. Alitazama chini kwenye viatu vyake vyeupe, akanyanyua mkono kama anataka kumnyamazisha mshereheshaji, akaushusha, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nosim alirudi kukaa. Alifikiri atajisikia vizuri, na kweli alijisikia vizuri, ila kwa muda mfupi kuliko alivyotegemea.

Nje, Lesiamon alikuwa anamsubiri, ndani ya shuka lake jipya.

"Mama Sintamei, umetaja jina la marehemu mbele ya mtoto wake."

"Nimetaja, shemeji."

"Utatoa kondoo."

Nosim alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Mimi? Na yeye aliyelitaja jina la ndugu yako mchana kutwa? Ulikuwa umekaa palepale, shemeji, umevaa shuka la bure, hata kukohoa hukukohoa!"

Lesiamon alikuna shingo. "Hilo tumelizungumza na wenzangu. Tulipomuuliza Olais, alisema hakulitaja yeye, aliyelitaja ni mwigizaji. Na mwigizaji ni mtu wa Pwani. Hatujui mtu wa Pwani anatozwa nini."

"Kwa hiyo wanatukana wao, nalipa mimi."

"Kosa la filamu hatulijui. La kwako tunalijua."

Nosim alianza kucheka kwa hasira, kile kicheko ambacho Sintamei anakiogopa. Alisema hatoi kondoo wala unyoya wake. Alisema wakitaka wakamtoze yule mwenye masikio ya plastiki. Akawa ameshageuka kuondoka, Lesiamon aliposema polepole kwamba kondoo si wa wazee.

"Ni wa mama Olais. Simu zimeshapigwa mpaka Endulen. Amesikia jina la mumewe limepigiwa kelele ukumbini kama mnadani. Amejifunika shuka kama siku ya msiba."

Hapo Nosim alisimama. Alikuwa amemfikiria Olais tu. Yule mwanamke waliyekwenda naye kuchota maji tangu wote wawili ni maharusi, aliyelala nyumbani kwa Nosim msiba mzima ili Nosim asiamke peke yake, hakumkumbuka hata kidogo akiwa pale jukwaani. Alikuwa amemfanyia mjane mwenzake kitu kilekile alichofanyiwa yeye, tena kwa furaha. Akawa na aibu, na aibu ile ikamwongezea hasira, kwa sababu hata hiyo aliletewa na Olais na filamu yake.

Kondoo alitoka kesho yake. Nosim alipiga simu bomani akasema achaguliwe jike mnono, si yule mwenye mguu mbovu, na Lesiamon ampeleke mwenyewe kwa mama Olais na kumwambia kwamba Nosim anakuja kwa miguu yake akipata usafiri wa kufika Endulen. Baada ya hapo aliketi mlangoni na shanga zake, na kwa siku kadhaa wateja walichukua filamu mbovu kuliko zote bila kuambiwa kitu. Sintamei, aliyekuwa akilalamika mama anaongea, sasa alilalamika mama haongei.

Siku aliyokuja Olais ilikuwa mchana wa jua kali, hakuna wateja. Alikuja bila kamera wala manukato. Alisimama mlangoni akainamisha kichwa, akakiacha hivyo. Nosim alikitazama kile kichwa kwa muda. Nywele zilikuwa zimenyolewa kwa mistari ya mjini. Akakigusa.

"Takwenya, yeyo."

"Iko. Ukae."

Akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, ambayo Dorkasi huketi akichoka na vitunguu.

"Nimetoka kwa mama," alisema. "Kondoo wako amefika. Mama amecheka. Amesema ungemwacha kondoo, nichinjwe mimi. Yeyo, siku ile pale jukwaani nilitaka ardhi inimeze."

"Na mimi nimetaka hivyo kila siku tangu mliponibandikia bango hapo mbele."

"Jina nimelitoa. Sauti inarekodiwa upya, anaitwa jina jingine. Mfadhili mmoja amejitoa. Kwenye runinga haitatoka na lile jina. Ila treila siwezi kuirudisha, imeshasambaa."

"Najua. Hapo nje wanaitana kwa jina lake."

"Nisamehe."

"Hilo la jina tumemaliza," alisema Nosim. "Na masikio ya plastiki?"

"Yatabaki, yeyo. Siwezi kupiga filamu nzima upya."

"Na kule kugeuka?"

Olais aliinama. Nosim aliona hasira yake yote inarudi na akaiacha irudi, kwa sababu hili halikuwa jambo la kondoo wala wazee.

"Ulimsubiri asubuhi nzima! Nilikuwepo, nilikuwa nakamua. Wenzako walitaka kumdanganya, wewe ukakataa. Ulipiga kelele mara ngapi, hakugeuka, na hukumfokea. Leo mtu anakugeukia kwa kupigiwa ngoma. Unadhani nakasirika kwa sababu ni mume wangu? Nakasirika kwa sababu ulikuwa unajua! Hawa wengine," akaonyesha kompyuta ya Sintamei kwa mkono, "hawakuwahi kujua, siwadai. Wewe ulikuwa unajua, Olais."

Olais alikuwa ameinama, viwiko magotini. Alipoinua uso aliuliza kama Sintamei bado anayo Chumvi ya Kreta. Alisema yeye hajaitazama tangu ilipoacha kuonyeshwa kwenye matamasha.

Sintamei alimtazama mama yake. Nosim akatikisa kichwa kukubali. Filamu hiyo haikuuzwa pale. Ilikuwa kwenye flashi yake peke yake, kwenye droo, na iliwekwa siku ambazo hakuna wateja, mlango ukiwa umerudishwa nusu. Sintamei akaurudisha mlango nusu, akachomeka flashi. Ng'ombe wakatokea, wa rangi zao, wakitembea kwenye ukungu wa asubuhi. Olais alisogeza ndoo karibu.

"Haina sauti," alisema baada ya muda.

"Tumeizima."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Tangu msiba tunaiangalia hivyo. Unajua mwenyewe kuna nini humo ndani."

Alijua. Humo ndani ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya ujana, ikiita. Alitazama rimoti juu ya kaunta na hakuigusa. Wakaendelea kutazama, wote watatu, bila kusikia maziwa yakiingia kwenye kibuyu, bila kusikia njuga za ng'ombe. Pale kwenye ukuta Baba Sintamei aliinama juu ya ndama na kuanza kukagua sikio, polepole, kama kawaida yake.

"Ni hapa," alisema Nosim.

Olais alifungua mdomo, akaufunga. Kibandani hakuita mtu, na Baba Sintamei akaacha ndama, akageuka, akawatazama wote watatu kwa uso wa mtu aliyekatizwa kazi.